Nataka kuwa mhandisi wa kuongoza makombora na roketi. Nikiwa mtoto wa Tanga, nianzie wapi?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, nipo mwaka wa tatu wa uhandisi wa umeme Dar es Salaam. Nimevutiwa sana na kazi ya uongozaji na udhibiti wa makombora, droni na roketi. Tatizo kila mtu ananiambia lake. Wenzangu darasani wanasema ni kuandika programu tu, na akili mnemba itatumaliza. Mjomba anasema kama si Mmarekani nisahau. Mama hataki hata kusikia, anasema pesa ya kuua watu haina baraka. Na mimi mwenyewe somo la udhibiti nimepata C. Juzi kuna wakala amenitafuta WhatsApp, anasema kuna nafasi za kutengeneza droni nje ya nchi, tiketi na chumba juu yao, mimi nilipie laki sita za kushughulikia makaratasi. Nifanyeje?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza maswali matano kwa mpigo, na hayana uzito sawa. La wakala ndilo la haraka. Nimeliweka mwisho kwa sababu ukishaielewa kazi yenyewe utamjibu bila kunitegemea mimi. Ila kama simu iko mkononi na unataka kutuma hiyo laki sita leo, ruka moja kwa moja hadi chini, kisha urudi hapa.

Kwanza tuinyooshe picha ya kazi. Zile video za kombora linalogonga shabaha zinakufanya udhani kuna mhandisi amekaa mahali analenga. Halengi. Siku chombo kinaruka, mtu wa fani yetu hana la kufanya ila kukodolea macho skrini kama watazamaji wengine. Kazi yake ilikwisha miezi, pengine miaka, kabla ya hapo, na sehemu kubwa aliifanya kwenye meza, akibishana na wenzake kuhusu jedwali la namba: kihisi hiki kinakosea kwa kiasi gani kikipata joto, pezi hili linachelewa kwa milisekunde ngapi baada ya kuamriwa ligeuke, upepo wa juu unaweza kuvuma kwa kasi gani siku mbaya. Kisha anaurusha mruko ule ule ndani ya kompyuta mara elfu kadhaa, kila mara akibadilisha hizo namba kidogo kwa bahati nasibu, na kutazama ni mingapi imeharibika na kwa nini. Kuandika programu kumo, lakini ni kipande. Anayejua kuandika programu bila kujua kwa nini mruko namba 3,412 ulipinduka, huyo ni mwandishi wa programu. Mhandisi wa udhibiti ni yule anayeweza kukaa na mruko huo mmoja wiki nzima mpaka ajue.

Chombo chochote kinachojiongoza kinajiuliza mambo matatu bila kupumzika: niko wapi na naelekea wapi, nipite njia gani nifike ninakotakiwa, na nigeuze nini sasa hivi ili nishike njia hiyo. La kwanza tunaliita urambazaji, la pili uongozaji, la tatu udhibiti. Watu huyachanganya, hata wanaotangaza kazi huyachanganya, lakini kila moja lina hesabu zake na kila moja linavunjika kwa namna yake.

Kwa kuwa umekulia pwani, nitakupeleka baharini. Mtazame mtu aliyeshika usukani wa jahazi linalotoka Tanga kwenda Pemba. Mgeni akipewa usukani, jahazi likienda mrama kidogo kulia anakata kushoto kwa nguvu, likija linapitiliza, anakata kulia, na baada ya muda njia yote ni nyoka. Nahodha hafanyi hivyo. Anatazama mambo matatu: omo limeachana na njia kwa kiasi gani, linaachana kwa kasi gani, na kama mkondo umekuwa ukimsukuma upande mmoja tangu alipotoka. Mwaka 1922 mhandisi mmoja aliyezaliwa Urusi, Nicolas Minorsky, alichapisha hesabu za kujiendesha kwa meli, na alizipata kwa kuwatazama washika usukani wa meli za kivita za Marekani wanavyofanya. Mambo hayo matatu ndiyo yale uliyofundishwa darasani kwa herufi P, I na D: P ni kosa la sasa, I ni kosa lililolimbikizana, D ni kasi ya kosa kubadilika. Kama mwalimu wako alikupa fomyula tu bila kukwambia zilitoka kwa mabaharia, sishangai umepata C.

Uongozaji nao una siri ya baharini. Ukiona chombo kingine kikakaa pembe ile ile machoni mwako, hakisogei mbele wala nyuma, huku kinazidi kukua, jua mtagongana. Baharia anaitumia kanuni hiyo akwepe. Kombora la kuzuia kombora jingine linaitumia kinyume: likiona mstari wa kulitazamia lengo umeanza kuzunguka, linakata kona sawia na kasi ya mzunguko huo, mpaka mstari utulie. Halihitaji kujua lengo linaitwaje wala limetoka wapi. Mbinu hiyo imetumika tangu miaka ya 1950, na kwenye karatasi ni mstari mmoja wa hesabu. Usipumbazwe na ufupi wake. Ugumu uko kwenye kuipima hiyo kasi ya mzunguko kwa kihisi kinachotetemeka, ndani ya chombo kinachotetemeka, na muda uliobaki ni sekunde mbili.

Hapo ndipo ulipo moyo wa kazi, nami ningependa ukae hapo kidogo, kwa sababu ni mahali vijana wengi hupita haraka kukimbilia mambo ya kuvutia.

Ndani ya kombora, ndege au setilaiti mna vihisi vinavyopima mzunguko, ndizo jairo, na vinavyopima msukumo, ndizo aksileromita. Aksileromita haikwambii uko wapi. Inakwambia unasukumwa kiasi gani. Unajumlisha misukumo upate kasi, unajumlisha kasi upate mahali. Sasa weka kosa dogo kabisa, elfu moja tu ya nguvu ya mvutano wa dunia. Baada ya dakika moja umekosea mita 17 hivi. Baada ya dakika kumi umekosea zaidi ya kilomita moja na nusu. Muda umezidi mara kumi, kosa limezidi karibu mara mia, kwa sababu umejumlisha mara mbili. Na bado hatujagusa kosa la jairo, ambalo hukua haraka kuliko hilo.

Setilaiti za GPS hazina tabia hiyo ya kujilimbikizia makosa, lakini zinaleta habari taratibu, na adui mwenye mtambo wa kelele za redio anaweza kuzifunika habari hizo zisikufikie. Basi tunachanganya vyote viwili. Njia ya kuchanganya aliiandika Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest, mwaka 1960, na wahandisi wa NASA wakaichukua kwa ajili ya safari za Apollo. Kichujio cha Kalman, ukikivua hesabu zake, kinafanya jambo moja: kila habari inapewa uzito kulingana na shaka tuliyo nayo juu yake, na shaka yenyewe inahesabiwa upya kila mara. Kwa hiyo swali ambalo mkubwa wako kazini atakuuliza kuliko yote ni hili: jibu lako limekosea kwa kiasi gani, na umejuaje? Ukijibu "liko sahihi", atakutazama kama mtu asiyefahamu kazi.

Na shaka isipohesabiwa vizuri watu hufa. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Patriot, wa kutungua makombora, ulikuwa umewashwa kwa takriban saa 100 mfululizo bila kuzimwa. Saa yake ya ndani ilihesabu sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa namba za kompyuta. Kila mara inakatwa kidogo mwishoni. Kikatiko hicho kilijilimbikiza hadi kufikia sekunde 0.34. Kombora la Scud la Iraq linakwenda kasi kiasi kwamba katika muda huo linapita zaidi ya nusu kilomita. Mtambo ukatazama mahali pasipo na kitu, haukurusha, na askari 28 wa Marekani wakafa kambini. Programu iliyorekebishwa ilifika Dhahran kesho yake. Mfano mwingine uko karibu zaidi nasi: ndege ya Ethiopian iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikiwa njiani kwenda Nairobi, watu 157. Mfumo wa udhibiti wa Boeing 737 MAX ulikuwa ukiamini kihisi kimoja tu cha pembe ya upepo, na kihisi hicho kilipodanganya, mfumo uliisukuma pua ya ndege chini tena na tena. Hakuna adui aliyehusika hapo. Ni mtu fulani, mezani, aliyekubali kuamini kihisi kimoja.

Kuhusu akili mnemba, sina mengi. Itakuandikia programu haraka kuliko wewe, na tayari inafanya hivyo. Bado sijaona mtu aliyekubali kuweka saini yake chini ya mfumo wa kurusha chombo kwa sababu mashine imesema uko salama. Maadamu saini inatakiwa, anayeelewa anatakiwa.

Hiyo C sasa. Nataka nikuulize umeipataje, maana kuna C mbili. Kuna ya aliyekariri michoro akaishiwa muda, na kuna ya ambaye milinganyo ya tofauti na hesabu za matriki hazijamkaa tangu mwaka wa kwanza. Ya kwanza si tatizo. Ya pili unaweza kuitibu, lakini haitajitibu, na mtu wa kukusaidia ni mwalimu aliye ofisini kwake, uso kwa uso, na daftari lako la mtihani mezani. Mwombe akuonyeshe ulipoanza kupotea. Wanafunzi wetu huogopa kugonga mlango wa mwalimu kana kwamba wanakwenda kushtakiwa. Gonga.

Ukirudi likizo fanya hivi. Nunua kihisi cha MPU-6050, ni kipande kidogo chenye jairo na aksileromita, wauza vifaa vya umeme Dar wanavyo kwa bei ya mwanafunzi. Kiunganishe na kompyuta yako kupitia bodi ndogo kama Arduino, kiweke juu ya meza, usikiguse. Rekodi kwa nusu saa, kisha jumlisha mara mbili kama nilivyokueleza hapo juu, bila kukirekebisha. Kitu kilicholala mezani pale Ngamiani huenda kikakuambia kimeshavuka bahari kimefika Pemba. Tafuta kwa nini. Jaribu kupunguza kosa hilo mara kumi, kisha mara mia. Ukiona utamu kwenye kutafuta huko, fani ni yako. Ukiona ni mateso na unachotaka ni kuona kitu kinaruka, si aibu, lakini bora ujue sasa. Baada ya hapo ipo programu ya ArduPilot, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Unaweza kurusha droni ya kuigiza ndani ya kompyuta bila kumiliki hata propela moja. Droni halisi usiirushe kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, hasa Tanga penye bandari na uwanja wa ndege. Kijana anayetaka kazi ya ulinzi hapaswi kuanza kwa kuhojiwa na polisi.

Halafu usidharau kilicho nyumbani. Tanuri la kiwanda cha saruji Pongwe linadhibitiwa kwa kanuni zile zile za Minorsky, na ni gumu kwa sababu unabadilisha moto sasa na matokeo unayaona baadaye sana. Ucheleweshaji wa namna hiyo ndio unaoyumbisha hata kombora. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani baada ya kilomita 1,443, na njia nzima ni pampu, vali na vihisi. Ukifanya mafunzo ya vitendo sehemu kama hizo, ukarudi na ripoti inayoonyesha umepima ucheleweshaji wa kitu halisi, mimi ningeisoma kabla ya cheti cha mtu aliyecheza na programu tu.

Mjomba wako yuko karibu na ukweli, ila hajaufikia. Marekani wana kanuni zinazoitwa ITAR zinazolinda teknolojia ya silaha. Kwa kanuni hizo, hata kumwonyesha mgeni mchoro ofisini, hapo hapo Marekani, kunahesabiwa kama kuusafirisha nje ya nchi. Si lazima uwe raia kamili kuruhusiwa, mwenye ukaazi wa kudumu na aliyepewa hifadhi ya ukimbizi wanakubaliwa. Lakini kazi nyingi za silaha zinadai pia kibali cha kuona siri za serikali, na hicho kwa kawaida ni cha raia tu. Nchi nyingine zenye viwanda hivyo zina kanuni za namna hiyo hiyo. Sasa weka hapo sheria yetu: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Mimi nilipochukua uraia wa nje, pasi yangu ya Tanzania niliirudisha. Leo nikija nyumbani kuzika, nasimama kwenye foleni ya wageni na kulipia viza. Sikuambii usifanye. Nakuambia bei yake, kwa sababu hakuna aliyeniambia.

Mlango wa kiraia uko wazi zaidi na hesabu ni zile zile: setilaiti ndogo, ndege, droni za kupima mashamba na kupeleka damu hospitalini kama zinavyoruka Rwanda tangu 2016. Na usidhani anga ni mambo ya mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Waitaliano na NASA walirusha setilaiti ya kutafuta miale ya eksirei angani, wakaiita Uhuru. Malindi na Tanga ni mwambao mmoja. Kenya sasa ina wakala wake wa anga na mwaka 2023 ilipeleka Taifa-1 kwa roketi ya SpaceX. Hapa kwetu, ukitaka ulinzi kwa kutumikia nchi yako, Jeshi la Wananchi huajiri wahandisi, na kuna Nyumbu, shirika la jeshi la teknolojia ya magari, pale Kibaha. Njia ya huko ni matangazo rasmi ya jeshi, si rafiki wa rafiki.

Mama. Wapo watakaokwambia umpuuze kwa kuwa hajui teknolojia. Mama yako hajakosea kuuliza. Wenzangu wengi hujitetea kwamba kombora lenye usahihi linaua wasiohusika wachache zaidi. Kuna kweli humo, nami niliwahi kuisema sana. Lakini usahihi unahakikisha tu kwamba kitagongwa kilichochaguliwa. Aliyechagua ni mwingine, na wewe hutakuwa chumbani anapochagua. Kuna kazi za kuzuia makombora yasiangukie miji, na kuna za kuyapeleka. Kuna waliokataa zote mbili na wanaishi vizuri. Mimi nilifanya upande wa ulinzi kwa miaka, kisha nikahamia setilaiti, na sijifanyi nilihama kwa uchamungu. Nilichoka kutoweza kumwambia mama yangu nimeshindaje kazini. Unachoweza kufanya ni kuuweka mpaka wako kabla ya kusaini mkataba, wakati bado huna mkopo wa nyumba wala watoto shuleni, maana baada ya hapo mpaka husogea wenyewe. Kaa na mama, na kama familia inamsikiliza shekhe au padri fulani, nendeni naye mkazungumze. Mwambie pia kwamba masomo haya hayakufungi kwenye silaha.

Sasa wakala. Umeshaona kwamba kazi halisi za fani hii zinaulizia uraia wako, historia yako, digrii yako, na zinachukua miezi kukuchunguza. Huyu hajaulizia hata moja, anakutaka wewe ambaye hujamaliza chuo, tena uje haraka. Mwaka 2024 vyombo vya habari vya kimataifa viliripoti juu ya wasichana wa Kiafrika wenye umri wa miaka 18 hadi 22 walioahidiwa kazi na mafunzo huko Tatarstan, Urusi, wakajikuta kiwandani wakiunganisha droni za kivita, baadhi wakishika kemikali zilizowaunguza ngozi. Eneo la kiwanda hicho lilishambuliwa kwa droni wakiwa huko. Sisemi wakala wako ni wa huko, simjui. Nasema kuunganisha droni kwenye mstari wa kiwanda si uhandisi wa udhibiti, hata jina likipambwa vipi.

Mwombe jina kamili la kampuni, anwani, na namba ya usajili wake wa uwakala. Peleka majibu yake ofisi ya kazi ya mkoa au kwa ofisi ya serikali inayosimamia huduma za ajira, wakuangalizie kama anatambulika kupeleka watu nje. Akikwambia huna muda wa kwenda huko, umeshapata jibu. Kama umeshamtumia pesa, peleka ujumbe wa muamala na mazungumzo yenu polisi leo, usifute chochote. Na kama ana pasi yako mkononi, mwambie mjomba akusindikize, msiende kuidai nyumbani kwake mkiwa peke yenu. Pitieni polisi kwanza, kisha Uhamiaji.